Mkoba wa Kabatini kwa Msusi

Machi 3, Jumapili

Mvua imeanza leo asubuhi, na paa la chumba cha watoto limeanza nayo. Nimetega ile sufuria ya kuchemshia maji ya kuoga. Mume wangu alisimama akaitazama sufuria, akanitazama na mimi, akasema, "Bonasi yako imefika kwa wakati wake." Nikajifanya hamnazo. Bonasi ni yangu na nimeshaipangia.

Nataka mkoba. Basi, nimeliandika. Si mkoba wowote. Nataka wa ngozi wa wale mafundi wa ng'ambo, ule ambao mtu akiuona hana haja ya kuuliza. Mwezi ujao shemeji yangu mdogo anaoa. Kwenye harusi iliyopita mke wa shemeji mkubwa (mimi na mume wangu tunamwita Redio, kwa kuwa hana kuzima) aliuweka mkoba wake juu ya meza katikati ya sahani kama mgeni rasmi. Wangu, ulioshonwa mpini kwa uzi wa rangi nyingine, niliusukuma chini ya kiti kwa mguu. Mtu wa umri wangu alipaswa kuwa na akili zaidi ya hapo.

Machi 6, Jumatano

Kazi yangu ni kuuza miwani, kwa hiyo najua jinsi watu wanavyojidanganya mbele ya kioo. Leo mama mmoja kachagua fremu inayomfinya masikio kwa sababu jina la kampuni limeandikwa ubavuni kwa rangi ya dhahabu. Nikamwambia, "Hii itakuumiza." Akasema, "Nitaizoea." Nilimcheka moyoni, na saa ya mapumziko nikaenda zangu kutazama mikoba.

Mlinzi wa lile duka alinifungulia mlango akaniuliza, "Unamtafuta nani?" Hakukusudia ubaya. Aliona viatu vilivyolowa na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja, akadhani nimetumwa. Dada wa dukani alivaa glavu nyeupe akaniletea mkoba wa rangi ya kahawia, akauweka juu ya kitambaa, nami nikajifuta mikono kwenye sketi kabla ya kuugusa. Ulikuwa unanukia upya. Aliponitajia bei nilitikisa kichwa polepole kama mtu anayetafakari, kumbe nilikuwa natafuta mlango.

Machi 10, Jumapili

Chakula cha mchana kwa mama mkwe, kama kila Jumapili ya pili na ya mwisho ya mwezi. Wifi amechelewa tena na amekuja ameloa. "Gari liko gereji," alisema. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, mke wa mkandarasi, na ndiye mtu wa kwanza katika ukoo huu kunikalia karibu. Siku ya harusi yangu viatu vyangu vilikatika kisigino, akavua vyake akanivalisha, akacheza muziki wote pekupeku. Mikoba ya maana niliiona kwake kwanza. Siku hizi lakini ameanza kuringa. Mtoto wangu alipougua mwezi wa kwanza hakuja hata kumwona. Alipiga simu tu.

Nilimvuta barazani nikamuuliza kama mtu wa kumuuliza: ninunue mpya, au mtumba wa jina lile lile?

Akasema, "Nunua uliotumika, wifi. Mpya ukishatoka nao mlangoni ni mtumba. Tofauti ni kwamba umeulipia hasara mwenyewe."

"Wewe yako yote ulinunua mipya."

"Ndiyo maana nakwambia."

Nimerudi nyumbani nimevimba. Yeye mpya, mimi mtumba. Kila mtu na saizi yake, ndivyo alivyomaanisha.

Machi 12, Jumanne

Mvua. Sufuria imejaa kabla hatujaamka.

Machi 17, Jumapili

Tumegombana na mume wangu, kisha tumepatana. Yeye ni mwalimu wa udereva. Kutwa nzima anakaa na watu wanaotaka kumuua, kwa hiyo nyumbani hana nguvu za ugomvi mrefu. Amesema, "Nusu paa, nusu mkoba. Kwa nusu hiyo utapata mkoba gani, mimi sijui." Mimi nimejua. Kwa nusu hiyo, mpya naupata mpini tu. Basi ni mtumba, lakini hakuna atakayejua isipokuwa sisi wawili. Nimemwapisha, ameapa huku anacheka.

Machi 20, Jumatano

Nyuma ya duka letu kuna saluni, na msusi wa pale ana kabati lenye kufuli. Wanawake wengi wanajua na hakuna anayelitaja. Mwenye mkoba anaupeleka umefungwa kwenye taulo kama nguo za kufua; mnunuzi anaujaribu nyuma ya pazia pale wanapooshea nywele. Muuzaji na mnunuzi hawakutani. Nilipouliza mkoba wa kwanza alionionyesha ulikuwa wa nani, Msusi alinijibu bila kuacha kusuka kichwa kilichokuwa mbele yake: "Mimi nauza mikoba, siuzi majina."

Wa tatu ulikuwa wenyewe. Rangi ya kahawia, karibu ndugu wa yule niliyemfutia mikono. Ngozi imelainika bila kuchakaa, na ndani hakuna hata doa la wino. Kasoro yake moja: kifungo. Skrubu moja ilianguka zamani, bamba likawa linakwama. "Una ujanja wake," alisema Msusi, akanionyesha kama alivyoonyeshwa na mwenye mkoba. "Sukuma kwa gumba kutokea chini, halafu inua kwa vidole viwili. Ukivuta tu hivi hivi, haufunguki."

Nimeununua. Nimetoka nao ndani ya taulo kama mwizi.

Machi 21, Alhamisi

Skrubu ya bawaba ya miwani imeingia kwenye tundu la kifungo kana kwamba ilizaliwa humo. Nimeikaza kwa bisibisi yetu ndogo mchana dukani, nikafuta bamba kwa dawa ya lenzi. Sasa unafunguka kwa kuuvuta tu, hata mtoto anaweza. Nimeufungua na kuufunga mpaka mfanyakazi mwenzangu akaniuliza kama nimepoteza kitu humo.

Machi 29, Ijumaa

Mafundi wa paa wamekuja, wametazama mbingu, wameondoka.

Aprili 2, Jumanne

Nilikosa chakula cha Jumapili kwa kuwa tulikuwa tunahesabu fremu dukani. Mume wangu anasema Wifi alikuja kwa miguu kutoka barabara kuu. Gari liko gereji. Nimesema hiyo gereji sasa imekuwa nyumba yake ya pili.

Aprili 14, Jumapili

Harusi ilikuwa jana. Sijui nianzie wapi. Nikiacha kuandika, nitaanza kujitetea.

Tulikaa meza moja, wanawake wa familia: mama mkwe, Redio, Wifi na mimi, mume wangu pembeni yangu. Mkoba niliuweka juu ya meza. Sikuuweka kando, niliuweka katikati, penye maua. Redio hakungoja hata soda zifunguliwe. Aliuvuta, akaufungua, akaingiza pua ndani.

"Mpya huu, au ndiyo ile mitumba ya siku hizi? Maana mtu huwezi kujua."

"Mpya," nikasema.

Ningeishia hapo. Uongo wa neno moja mtu anaweza kuumeza na soda. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi nilikuwa bado nina lile donge la barazani kwa Wifi, la kuambiwa ninunue uliotumika. Nilitaka alisikie.

"Mimi sibebi cha mtu," nikaendelea. "Mkoba wa mtu una jasho lake na mikosi yake. Na mwanamke akifikia hatua ya kuuza mkoba wake, ujue kwake jiko limezimika."

Meza ilicheka. Redio alipiga kofi. Mume wangu aliangalia viatu vyake. Wifi alikuwa anammiminia mama maji, akaendelea kumimina mpaka glasi ikajaa ukingoni, akasimamisha jagi.

"Umependeza nao, wifi," akasema. "Utunze."

Nikafurahi. Naliandika hili kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote: nilifurahi, nikaona nimemshinda.

Baadaye mama alishikwa na kikohozi, akaomba leso. Mikono yangu ilikuwa na mafuta ya chakula. "Wifi, nitolee leso humo," nikasema. Akauvuta mkoba kwake, huku anamwangalia mama na kumpapasa mgongo. Mkoba hakuuangalia kabisa. Gumba lake likaenda chini ya kifungo, likasukuma juu, na vidole viwili vikainua.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Redio alikuwa ameuvuta tu. Kila mtu angeuvuta tu. Nilimtazama Wifi mkono, kisha uso. Akampa mama leso, akafunga mkoba, akaurudisha kwenye maua pale pale nilipokuwa nimeuweka.

Walipiga muziki mpaka jioni. Sijui walipiga nini.

Aprili 15, Jumatatu

Jiko limezimika. Mimi ndiye niliyesema.

Aprili 18, Alhamisi

Nilikwenda kwa Msusi nikajifanya nataka kuosha nywele. Nikiwa nimelaza shingo kwenye beseni, nilimuuliza mwenye mkoba ule alikuwa mtu wa namna gani. Alinisugua kwa nguvu kidogo.

"Nilikwambia siuzi majina."

"Sitaki jina."

Akamaliza kusuuza kwanza. "Alileta yote, mmoja mmoja. Huo ulikuwa wa mwisho. Aliuweka hapo, akauchukua tena, akaenda hadi mlangoni, akarudi. Umeridhika?"

Nililipa na kuondoka, nywele hazijakauka. Kwa mvua ile hakuna aliyeona tofauti.

Aprili 19, Ijumaa

Ninapanga upya kila kitu. Hakuna gereji. Gari liliuzwa. Mtoto alipougua Wifi hakuja kwa sababu kutoka kwao hadi kwetu ni nauli mbili na alikuwa hana hata moja, na mimi nikaandika hapa kwamba anaringa. Mume wake mkandarasi sijamwona tangu mwaka jana, kila akiulizwa, "yuko mkoani na kazi." Na siku ile barazani hakuwa ananipima saizi. Alikuwa ananiambia alichojifunza kwa hasara yake mwenyewe, na hilo hata mama yake mzazi alikuwa hajaambiwa.

Aprili 23, Jumanne

Leo nimemwona. Alipita mbele ya duka letu katika mvua, viatu mkononi ndani ya mfuko wa plastiki, bahasha ya kaki kaibana kifuani chini ya kanga. Nilikuwa na mwavuli mzima nyuma ya mlango, tena mpya, wa wateja. Nilichofanya ni kurudi nyuma ya kabati la fremu nikainama kama natafuta kitu. Niliinuka alipokwisha kupita.

Mama wa ile fremu ya dhahabu alirudi jioni. Ana vidonda nyuma ya masikio. Nilimpanulia mikono ya fremu bure, na sikuweza kumcheka.

Aprili 25, Alhamisi

Nimefikiri nimrudishie. Nitasema nini? "Chukua, najua huna"? Nimefikiri ninyamaze. Lakini lile neno langu bado limekaa mezani pale, na yeye kila akiniona analiona. Nimeamua: Jumapili nitasema kweli mbele ya wote. Nitasema juu yangu mimi tu. Nilidanganya, ni mtumba, basi. Hivyo lile tusi litakuwa limefutika bila yeye kuguswa.

Nimeliona ni wazo zuri mno. Nimelala usingizi.

Aprili 28, Jumapili

Nimejikaza kisabuni nikasema, sahani zikiwa bado mezani. "Ule mkoba si mpya. Niliwadanganya. Ni mtumba, niliununua kwa msusi wa nyuma ya duka letu. Na maneno niliyosema siku ile yalikuwa ya kijinga. Aliyekuwa nao ni mtu wa maana. Aliutunza kuliko ninavyotunza vitu vyangu."

Mume wangu alinitazama kwa namna ambayo sijaiona siku nyingi. Mama mkwe alisema, "Mwanangu, mkoba ni wa kutilia vitu," akaomba chumvi. Redio alicheka mpaka akashika meza, nami nikamwacha acheke. Nilijisikia mwepesi. Ndipo akauliza, "Msusi yupi? Yule mwenye mlango wa bluu?" Nami, kwa ulevi wa kusema kweli, nikasema ndiye.

Jikoni Wifi alikuwa anaosha vyombo. Alifungua bomba mpaka mwisho, maji yakawa yanapiga sinki kwa kelele.

"Ulijua tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu harusini. Kidole chako."

"Nilikuona unanitazama." Akasuuza sahani pande zote mbili. "Lile la harusini nilikwisha kulimeza, wifi. Lilikuwa neno tu, na ulikuwa hujui ni mimi. Leo ulikuwa unajua."

"Nilitaka kukufutia."

"Ulitaka kupumua. Kesho huyo Redio wenu atakuwa kwa Msusi anauliza mkoba ulikuwa wa nani, na mimi ile mikoba yangu alikuwa anaijua mmoja mmoja. Umetua mzigo wako, umenitwisha mimi."

Hakupaza sauti. Alinikabidhi sahani nikaikausha. Tulimaliza vyombo vyote hivyo hivyo, yeye anaosha, mimi nakausha. 

Aprili 30, Jumanne

Redio alikwenda. Msusi amenisimulia mwenyewe, dirishani, bila salamu: "Ndugu yako alikuja kuosha nywele ambazo zilikuwa safi. Nimemwambia nauza mikoba, siuzi majina. Lakini wewe usinunue tena kwangu."

Mei 3, Ijumaa

Nimemwambia mume wangu yote. Alikaa kitandani akashika kichwa. "Dada," alisema, mara moja tu. Kisha akauliza kama wakati Wifi anatembea kutoka barabara kuu yeye alikuwa anapita na gari la shule ya udereva. Inawezekana. Hatujui.

Mei 4, Jumamosi

Paa limekwisha. Mvua imenyesha usiku kucha na hakuna tone lililoingia. Sufuria imerudi jikoni.

Mei 12, Jumapili

Chakula kwa mama mkwe. Wifi hakuja. Redio alikuwepo, na ameanza. "Ule mkoba, mbona kama niliwahi kuuona mahali?" Akamtazama mama. Mama akasema, "Uliuona kwa binti yangu. Ameniambia mwenyewe juzi, na la mume wake kuondoka ameniambia. Kuna kingine unachotaka kujua? Niulize mimi." Redio akazima. Sijawahi kuona amezima.

Nilikuwa na mkoba mapajani, chini ya meza. Uso ulinishuka mpaka mezani. Wifi alilazimika kumwambia mama yake jambo ambalo alikuwa analificha msimu mzima wa mvua, kwa miguu, ndani ya matope, ili tu awahi kabla halijafika kwa mdomo mwingine. Na mlango wa huo mdomo niliufungua mimi.

Mei 17, Ijumaa

Jua. Barabara imekauka na vumbi limeanza kurudi.

Saa ya mapumziko Wifi aliingia dukani. Mara hii sikuinama. Alikuwa amevaa vizuri, viatu miguuni, mkononi mfuko wa plastiki wenye kalamu, kitana na ile bahasha ya kaki. Nilimletea kiti akakataa.

"Nimepata kazi," alisema. "Karani wa hesabu, kwenye ghala la rangi. Naanza Jumatatu."

"Hongera, wifi."

"Ahsante. Nimekuja kuazima."

Hakusema nini. Niliutoa mkoba chini ya kaunta nikauinamisha, vitu vyangu vyote vikamwagika juu ya kioo mbele ya wateja: funguo, vidonge vya kichwa, pipi za watoto, risiti za paa. Nilitaka kusema uchukue kabisa, ni wako. Nikakumbuka jikoni, nikafunga mdomo. Ameomba kuazima, na kuazima ndiko atakakopewa. Kuurudisha au kutourudisha, ataamua mwenyewe.

Akauvuta kwake. Gumba likaenda chini ya kifungo, likasukuma, vidole viwili vikainua. Bamba likafunguka upesi kuliko alivyotarajia, akashtuka kidogo.

"Niliweka skrubu ya miwani," nikamwambia. "Hauhitaji tena vile."

"Najua. Nililiona harusini." Akapanga vitu vyake kila kimoja mahali pake, kalamu kwenye mfuko mdogo wa pembeni ambao mimi sikuwahi kujua kama upo. "Kidole ndicho hakijui."

Nilimwomba msamaha hapo hapo, na wateja wakisikia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Jumapili ya mwisho wa mwezi nitakuja kwa mama. Niwekee kiti," akatoka.

Nilirudi nyumbani na vitu vyangu ndani ya ule mfuko wake wa plastiki. Mume wangu alikuwa anaegesha gari la shule. Aliutazama mfuko.

"Mkoba uko wapi?"

"Kwa mwenyewe," nikasema.

Akanipokea mfuko, tukaingia ndani.